Midoli ilitangulia, katuni ikafuata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba katuni za siku hizi zimegeuka matangazo ya midoli, eti zamani zilikuwa hadithi tupu. Mimi nauza midoli Kariakoo. Hiyo zamani anayoililia haikuwapo, angalau si kwa upande wa maroboti.

Chukua Transformers, yale maroboti ya katuni yanayogeuka magari. Wengi hudhani katuni ilianza, midoli ikafuata. Ni kinyume chake. Takara, kampuni ya midoli ya Japani, ilikuwa tayari inauza maroboti yanayogeuka magari, na mengine yanayogeuka bastola na redio kaseti. Hayakuwa na hulka yoyote. Yale ya magari yalikuja na vijitu vidogo vya kuyaendesha. Hasbro, kampuni ya midoli ya Marekani, ikapata haki ya kuyauza kwao, ikawapa Marvel, wale wa vitabu vya picha, kazi ya kuyatungia majina, tabia na ugomvi wa pande mbili. Mwaka 1984 yakaingia madukani, na katuni ikaanza mwaka huohuo. Kwenye boksi kulikuwa na wasifu wa kila mmoja, pamoja na alama zake za nguvu, akili, kasi na ujasiri. Mtoto hakuwa ananunua roboti tena, alimnunua mtu anayemjua. Mwaka huohuo pia mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliondoa ukomo wa matangazo kwenye vipindi vya watoto. Bunge lao likaja kuurudisha mwaka 1990.

Hadi hapo ndugu yangu atasema namuunga mkono. Asubiri kidogo.

Mwaka 1986 Optimus Prime, kiongozi wa upande wa wema, aliuawa kwenye filamu yao ya sinema. Hadithi haikudai kifo hicho. Midoli ya 1984 ilikuwa imeshachuja sokoni, na wahusika wapya walikuwa wanasubiri nafasi kwenye rafu. Watoto wakalia mle ukumbini, barua za malalamiko zikamiminika, na mwaka 1987 akafufuliwa kwenye katuni. Hasbro hiyohiyo ilikuwa imepanga Duke wa G.I. Joe, katuni yao ya wanajeshi, naye afe. Baada ya kelele zile wakabadili maneno tu, ikasemwa amepoteza fahamu. Mwenye mali alishindwa na watoto wa shule ya msingi.

Hilo naliona hata mezani kwangu. Mzigo wa bei nafuu huja na roboti la rangi nyekundu na bluu lisilo na jina. Kwa mzazi, roboti ni roboti. Mtoto analigeuza, anatazama uso. Optimus ana kinga inayofunika mdomo, hili mdomo uko wazi. “Siyo yeye,” anasema, analirudisha, na mama mtu ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha.

Kwa hiyo pendekezo la msomaji mwenzangu kwamba vituo vya televisheni viache katuni zenye midoli sikubaliani nalo. Ataondoa ipi, abakize ipi? Pokémon ilianza kama mchezo wa Game Boy, ile mashine ndogo ya michezo ya mkononi, mwaka 1996, katuni ikaja mwaka uliofuata. Pikachu, mhusika wake maarufu, atamweka kundi gani?

Afadhali tuulize kwa nini wahusika wetu hawafiki sokoni. Ubongo ya hapahapa Dar es Salaam imekuwa ikirusha katuni tangu 2014, na Akili, yule binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, watoto wanamjua na nyimbo zake wanaziimba. Wateja wangu wadogo humuulizia. Wanaoniuzia kwa jumla hawajawahi kuniletea Akili, huniletea mabinti wa kifalme wenye nywele za dhahabu, katoni kwa katoni. Najua Ubongo ni shirika lisilo la faida na kazi yake ni kufundisha. Lakini mafundi cherehani tunao, na doli la kitambaa halihitaji kontena kutoka China. Linahitaji ruhusa ya mwenye mhusika na makubaliano ya mgawo. Mimi niko tayari kukaa nao hata kesho. Maana mtoto nikimwambia Akili hayupo, haondoki mikono mitupu. Anachukua huyo wa nywele za dhahabu, na jioni akifika nyumbani anaomba awekewe katuni yake.

Muuza midoli,
Kariakoo, Dar es Salaam