Barua kutoka Muheza: waache maji moto

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi, za wazima tu. Picha ulizonituma za vidaka, zile nazi changa, vinavyodondoka minazini kwako Mafia, nimezitazama mpaka simu ikazima. Kile kidaka ulichokiweka kiganjani, chenye makovu meusi yaliyodidimia na gundi iliyoganda, nakijua. Niliwahi kuviokota vya namna hiyo ndoo nzima, nami nikasema kama wewe: jua limezidi, au jicho la watu.

Si jua wala jicho. Ni mdudu mwembamba, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, hafiki hata sentimita mbili. Anachoma mdomo kwenye kidaka, anafyonza, na mate yake yana sumu. Vidaka vingi vinaanguka. Vinavyobaki vinakua vimekunjamana, na nazi inatoka ndogo. Wataalamu wanamwita Pseudotheraptus wayi, hilo la mwisho kwa heshima ya M. J. Way, Mwingereza aliyewachunguza Unguja miaka ya 1950. Wachache tu kileleni wanatosha kukutia hasara, ndiyo maana mkwezi wako anapanda na kushuka anasema hajaona kitu.

Huyo mtu anayetaka kukupulizia dawa minazini mwambie asubiri. Minazi ya Mafia ilivyo mirefu, dawa itafika wapi? Tena itaua anayekusaidia, yaani maji moto, wale chungu wakali wa mitini wanaouma na kushona viota vya majani. Najua unawachukia. Mkwezi wangu naye aliwahi kudai nyongeza kwa kila mnazi wenye maji moto, nami nikalipa kwa uchungu. Lakini Way aliliona tangu wakati ule: mnazi uliotawaliwa na maji moto, mfyonza vidaka hakai. Wanamsaka mchana kutwa, yeye na watoto wake.

Sasa nikueleze nilivyojiharibia mwenyewe. Shamba la marehemu baba lilikuwa mchanganyiko: minazi, michungwa katikati, mihogo, kunde, na magugu ya kutosha kumtia mtu aibu. Nilipokabidhiwa nikataka lipendeze. Nikapalilia mpaka likawa kama uwanja wa mpira, na michungwa iliyozeeka nikaikata kuni. Haukupita muda, sisimizi wakaanza kupanda minazini. Siyo sisimizi hawa wa sukari tu, ni wale wadogo wanaochanganyika na wenzao wenye vichwa vikubwa, wanaoishi ardhini kwenye mashina. Siku moja nimesimama chini ya mnazi, nikamwona maji moto mmoja ameshikwa miguu yote, kila sisimizi anavutia kwake. Viota vikabaki majani makavu. Vidaka vikaanza kudondoka.

Ndipo nikaelewa yale magugu yalikuwa na kazi. Chini kukiwa na mimea, sisimizi wanashughulika hukohuko ardhini, na maji moto wanaachiwa miti. Hili limechunguzwa hapahapa Tanzania kwenye mashamba ya michungwa, siyo maneno yangu. Na ule mchungwa wenyewe ni nyumba. Majani yake ni mapana, ya kijani mwaka mzima, na maji moto wanahitaji majani ya kushonea. Umewahi kuwatazama? Wanajipanga mstari, wanavuta majani mawili yakutane, kisha mwenzao anakuja na mtoto wao mdomoni, anampitisha huku na huku kama mshona mkeka, na mtoto ndiye anayetoa uzi mweupe. Tawi la mchungwa likigusa kuti, wanavuka bila kukanyaga ardhi ya adui.

Ila usipande chochote kwa kuwa nimesema mchanganyiko. Mkorosho, mwembe na mpera, yule mfyonzaji anaila pia. Mti wenye maji moto ni sawa. Usio nao unakuwa mgahawa wake, akishiba anahamia minazini. Mimi ningeanza na michungwa, mistafeli kidogo, na chini kunde na viazi vitamu.

Chonga ni kesi nyingine. Yule mdudu anayetoboa moyo wa mnazi hazuiliwi na maji moto, na kwake usafi ndio dawa: anazaliana kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye marundo ya samadi. Kwa hiyo magogo yaondoe, magugu yaache. Najua inakuchanganya, hata mimi bado nagombana na kijana wangu wa jembe.

Ukitaka kuhamisha maji moto, kata viota jioni wakiwa wamerudi ndani, tia kwenye gunia, funga haraka. Vyote vitoke kwenye ukoo mmoja, maana ukichanganya koo mbili watauana wao kwa wao. Na vaa mikono mirefu, shoga, usije ukanilaumu.

Mkwezi akuhesabie minazi ambayo tayari ina viota vya maji moto, kisha uniambie iko upande gani wa shamba. Na yule pweza mkavu uliyeniahidi tangu Mfungo Tatu bado namngoja.

Wako,
Zuhura