Kwa Mpwa Wangu Aliyenunua Kamera ya Megapikseli Mbili

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, pamoja na picha ulizozipiga kwa kamera uliyoinunua kwa wauza mitumba wa Kilombero, huko Arusha. Umenieleza kwamba simu yako inapiga vizuri kuliko hiyo kamera, kwamba wenzako wa chuo wamekucheka, na kwamba unafikiria kumrudishia aliyekuuzia hata kama atakukata nusu ya fedha. Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu wapo vijana wengine huku Moshi walioniuliza jambo hilohilo baada ya kuvutwa na mtindo huu wa kutafuta kamera za zamani, na kwa kuwa wewe ndiwe uliyelieleza kwa ukamilifu, nakuandikia wewe, nao wajichotee humo.

Kamera za kizazi hicho nazifahamu. Ya kwangu ilikuwa ya megapikseli 1.3, yaani pikseli (vijinukta vinavyounda picha) milioni 1.3 hivi, yenye mwili mnene wa plastiki, betri nne za AA na skrini ya inchi moja na nusu ambayo saa sita mchana haikuonyesha chochote isipokuwa uso wa anayeitazama. Niliipata kwa jirani yetu aliyekuwa akipandisha wageni mlimani, naye aliachiwa na mgeni wake baada ya kushuka, kama ambavyo wageni wengi huwaachia waongozaji wao majaketi na viatu. Kwa kamera hiyo ndipo nilipojifunza kupiga picha. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kusimama mbele ya kamera za wengine.

Kwamba simu inaishinda, sibishi. Ila ujue hiyo yako imetoka wapi. Mwaka 1975, mhandisi wa Kodak aitwaye Steven Sasson alipounda kamera ya kwanza ya dijitali, picha yake ilikuwa na pikseli 100 kwa 100, yaani 10,000 tu, tena bila rangi, na ilihitaji sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Ikapita miaka 20 ndipo Casio ilipotoa QV-10, mwaka 1995, yenye skrini mgongoni ya kumwonyesha mpigaji alichokipata, na picha zake zilikuwa za pikseli 320 kwa 240. Mwaka 1997 zikaja Sony Mavica zilizohifadhi picha kwenye flopi, zile diski bapa za kompyuta za inchi 3.5 tulizokuwa tukizibeba mfukoni kwenda kuchapisha barua za maombi ya kazi. Kwa hiyo kamera kama yako, yenye pikseli 1,600 kwa 1,200, ambazo ukizizidisha unapata 1,920,000, ilipotoka ilikuwa kitu cha kutamaniwa, na kazi iliyoweza kuifanya siku ile inaiweza hata leo.

Nimezikuza picha zako kwenye kompyuta nikazitazama moja moja, na karibu zote zina kasoro ya namna moja: pikseli unazo, ila umezimwaga mahali usipozihitaji. Chukua ile ya wenzako mbele ya Mnara wa Saa. Theluthi ya chini ni lami, theluthi ya juu ni anga na nyaya za umeme, na katikati wamejipanga watu kumi na watano, safu moja, kutoka ukingo hadi ukingo. Upana wa picha ni pikseli 1,600. Ukizigawa kwa watu kumi na watano, kila mmoja anapata kama 106 kutoka bega hadi bega, na uso wake hauzidi 40 hivi. Macho, pua, mdomo, miwani na tabasamu, vyote vinagombania pikseli 40. Hakuna fundi wa kompyuta atakayeurudisha uso huo, kwa sababu haukuwahi kuandikwa. Sasa wasimamishe watatu tu, usogee mpaka mabega yao yaijaze fremu, na kila uso utapata pikseli zaidi ya 200 kwa upana, ambalo ni eneo mara ishirini na tano ya lile la kwanza. Kamera ni ileile, wala hujaongeza hata shilingi.

Simu haikukufundisha hili kwa sababu ina pikseli za kufuja. Mwenye simu ya megapikseli 50 anaweza kusimama ng'ambo ya barabara, akapiga kila kilichopo, kisha akakata anachokitaka akiwa kitandani usiku. Wewe huna nafasi hiyo. Unachokitaka sharti ukijue kabla ya kubonyeza. Wapo watakaokuambia kwamba huko ni kujitesa bure. Mimi nimewaona wanafunzi wa namna zote mbili, na anayelazimika kuamua mapema huendelea haraka zaidi.

Unaikumbuka picha ya marehemu babu yako iliyowekwa mezani siku ya mazishi? Mama yako mpaka leo anaamini kwamba ilipigwa studio. Niliipiga kwa ile kamera ya megapikseli 1.3, Desemba moja ukoo mzima ulipokuwa umepanda Kibosho kwa ajili ya Krismasi. Wengine walikuwa nyuma ya nyumba wakihangaika na ndafu. Mzee alikuwa barazani kwenye kigoda chake, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiwa chini karibu na mguu. Baraza ilikuwa na kivuli, na mwanga uliingia kutoka uani ukagusa upande mmoja wa uso wake. Nilichuchumaa umbali wa hatua moja na nusu hivi, nikaigeuza kamera wima, nikamwacha aendelee kulalamikia bei ya kahawa. Katika picha hiyo unaziona ndevu nyeupe zilizoanza kuchomoza kidevuni, ukosi wa shati uliopauka mkunjoni, na lile kovu dogo juu ya nyusi. Kigoda hakimo, kata haimo, migomba haimo, na hakuna aliyeviulizia.

Ilipochapishwa kwenye karatasi ya A4, pikseli 1,280 za urefu zilitandazwa kwenye inchi 11.7, kiasi cha pikseli 110 kwa kila inchi. Mtu wa studio atakuambia kwamba kiasi hicho ni kidogo, na kwa picha ya kushikwa mkononi ana haki, lakini picha ya kuwekwa mezani hutazamwa kutoka hatua mbili tatu, na kwa umbali huo jicho halina la kudai. Tulipokuwa tukitafuta picha ya kutumia zilipatikana nyingine nyingi za simu, mpya na kubwa, ambamo mzee yuko wa tano kutoka kushoto, ametazama kando, tena zimepita WhatsApp mkono kwa mkono zikabanwa kila zilipopita.

Kuna sababu nyingine ya kusogea, nayo iko ndani ya kamera yenyewe. Kihisi chake, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, hakioni rangi zote katika kila pikseli. Juu yake kuna vichujio vidogo vilivyopangwa kwa namna iliyobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976: nusu ya pikseli huona kijani, robo nyekundu na robo buluu, na rangi zinazokosekana katika kila pikseli kamera huzikisia kwa kutazama zile za jirani. Ndiyo maana kikoi cha mistari myembamba alichovaa rafiki yako kimetoka na rangi za upinde wa mvua ambazo mfumaji hakuziweka. Mistari ilipokuwa myembamba kukaribia upana wa pikseli, makisio yalikwenda kombo. Ukimkaribia, mstari mmoja unapata pikseli za kutosha na rangi za uongo zinaondoka. Kwa hiyo ingia kwenye menyu uizime zumu ya dijitali, ambayo hukata katikati ya picha na kuikuza, ukapoteza hata hizo chache ulizonazo. Zumu ya lenzi itumie utakavyo.

Kuhusu Mlima Meru, ambao umeupiga kuliko kitu kingine chochote, nitasema kidogo kwa sababu huku kwetu tuna ugonjwa huohuo na Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mlima ukipigwa kwa lenzi pana kutoka mjini, hata uwe na mita 5,895, picha inaurudisha kuwa kichuguu. Vuta zumu ya lenzi hadi mwisho, uiache lami na mapaa ya mabati, uchukue kilele peke yake au kilele na mti mmoja. Toka alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika. Lile anga jeupe lililoungua kwa mwanga mwingi katika picha zako linatokana na kamera kupima giza la miti ya mbele na kuongeza mwanga. Kihisi cha zamani hakiwezi kubeba kivuli cha miti na mwangaza wa mawingu kwa pamoja. Tafuta kwenye menyu alama ya kuongeza na kutoa, uishushe hadi -1. Picha yenye giza kidogo bado unaweza kuinyanyua kwenye kompyuta, lakini sehemu iliyoungua haina kitu cha kunyanyuliwa.

Jioni ni kinyume chake. Jua likizama kamera hizi huanza kutoa chenga, na ukiziongezea wepesi wa kupokea mwanga chenga zinazidi, kwa hiyo iache ISO, yaani kipimo cha wepesi huo, kwenye 100, uiegemeze kamera kwenye ukuta au juu ya meza, na utumie saa ya kujipiga ili kidole chako kisiitikise. Flashi haifiki mbali, mita tatu hivi, na anayepigwa kwa karibu mno hutoka amepauka. Tena kamera huchelewa: ukibonyeza mara moja, mtoto amekwisha kugeuka. Bonyeza nusu, isubiri ipate fokasi, ushikilie hapohapo, kisha umalizie wakati unaoutaka.

Betri ndizo zilizokukatisha tamaa, nami nakuelewa. Umenunua zile za bei rahisi za redio, kamera ikazima baada ya picha chache, ukadhani ni mbovu. Kamera huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, hasa lenzi inapotoka na flashi inapojaa, na betri za namna hiyo volti zake huporomoka papo hapo ingawa ukizirudisha kwenye saa ya ukutani zitaendelea kwa miezi. Tumia betri za kuchaji za AA, zilizoandikwa NiMH. Usitishwe na maandishi ya volti 1.2 badala ya 1.5, kwa maana zenyewe zinavumilia mkupuo bila kuporomoka. Kadi nayo usinunue kubwa. Kamera nyingi za wakati huo haziwezi kusoma zaidi ya GB 2, na kwa picha zako hizo ni nyingi mno. Ukishahamisha picha, ifute kadi kwa kuifomati ndani ya kamera, wala si kwenye kompyuta. Na kila ukibadilisha betri tazama tarehe, kwa sababu betri ndogo ya ndani inayotunza saa huenda imekufa zamani, na usipoirekebisha picha zote zitajiandika kuwa za siku moja ya mwaka 2001, ukashindwa kuzipanga.

Uzichapishe. Pikseli 1,600 kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6 zinatoa zaidi ya 260 kwa inchi, na kwa kiasi hicho hata wenzako wa chuo hawataweza kukuambia ipi ni ya simu na ipi ni ya mitumba. Kuna mtego mmoja tu. Picha ya kamera yako ina umbo la 4 kwa 3, na karatasi ina umbo la 3 kwa 2, kwa hiyo mashine ya studio ikijaza karatasi itakata kama sehemu moja ya tisa ya kimo, na kinachokatwa mara nyingi ni nywele za juu au vidole vya miguu. Ukijua picha itachapishwa, acha nafasi kidogo juu ya kichwa, au mwambie wa studio akuachie ukingo mweupe pembeni.

Usiirudishe basi, angalau hadi Krismasi. Nimekufungia betri nne za kuchaji na chaja yake, kadi moja ya MB 512 ambayo siitumii, na kifaa changu cha kusomea kadi, maana najua kompyuta yako haina tundu lake. Nitaviweka kwenye basi la asubuhi la kuja Arusha na kukutumia namba ya kondakta. Betri na kadi ni vyako. Cha kusomea kadi nakuazima tu. Kirudi Desemba utakapopanda Kibosho, kwa sababu nina kadi nyingine za zamani ambazo sijazihamisha.

Wako,
Mjomba