Ndoano isiyo na chambo

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku Igombe hatujambo, ila mama yako ana mafua na yule kuku mweupe amechukuliwa na kicheche. Ujumbe wako tumeupata, na ile picha pia. Niliitazama, nikatafuta miwani, nikaitazama tena. Umeandika kwamba ni skafu ya kroshia. Mama, hilo ni tanga. Chini pana, juu limechongoka, ukilifunga kwenye mtumbwi unafika nalo Ukerewe.

Usinune. La kwangu la kwanza lilikuwa hivyohivyo, na mama yako analitumia mpaka leo kuepulia sufuria.

Unakumbuka mwaka ule nilipoteleza kwenye mtumbwi, mguu ukafungwa hogo, nikawa mtu wa kukaa barazani na kulalamika? Mama yako alichoka kunisikiliza. Akanitupia sindano ya kroshia na bonge la uzi, akasema shika hiyo, unyamaze. Nikacheka. Mimi nimeshona nyavu tangu sijaota ndevu, kijiti hiki kitanishinda nini? Nikaambiwa jina lenyewe ni la Kifaransa, maana yake ndoano ndogo. Nikasema basi, ndoano isiyo na chambo, kazi imekwisha.

Ikanishinda siku tatu nzima.

Kosa langu lilikuwa mkono. Kwenye wavu kila jicho linafungwa kwa fundo, na fundo sharti ulikaze, la sivyo sangara anapita nalo. Vidole vyangu vilishazoea kuvuta. Kroshia haina fundo, isipokuwa lile dogo la kuanzia. Yote yaliyobaki ni kitanzi ndani ya kitanzi, na kitanzi ukikikaza sindano haipiti tena. Mnyororo wangu wa kwanza ulikuwa mgumu kama waya, nikawa nauchokonoa kama mtu anayetoa mwiba mguuni. Kwa hiyo wewe uzi uutandaze juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, uteleze wenyewe, usiushike kama kamba ya mbuzi. Sindano ishike kama kalamu au kama kisu, yote sawa. Mama yako anaishika kama kalamu, mimi kama kisu, tumeshagombana sana juu ya hilo.

Sasa tanga lako. Kwa ninavyoona umefuma mishono mirefu, na kila ukigeuza kazi unapanda kwa minyororo mitatu, yaani vitanzi vitatu vilivyopita kimoja ndani ya kingine. Hapo uko sawa. Lakini ile minyororo mitatu ni mshono kamili, inahesabiwa. Ukirudi na mstari unaofuata, mshono wako wa mwisho unatakiwa kuingia kwenye kichwa cha ile minyororo. Wewe unaiacha, kwa sababu haifanani na mshono, imejikunja pembeni kama haimo. Ulianza na mishono 20, kila mstari unaua mmoja, mistari kumi baadaye umebaki na nusu ya skafu. Tia pini kwenye kile kichwa cha minyororo kila unapopanda, usije ukakipita tena. Na uhesabu kila mstari. Mwalimu mzima wa hesabu mtarajiwa unashindwaje kuhesabu mpaka 20?

Fumua yote. Najua inauma. Lakini hapa ndipo kroshia inaposhinda wavu kwa mbali. Wavu ukikosewa fundo unatoa kisu, na nyuzi ulizokata hazirudi. Kwenye kroshia kitanzi kilicho hai ni kimoja tu, kile kilichokaa kwenye sindano. Kitoe, vuta uzi, kazi inafumuka yenyewe mpaka mahali ulipokosea. Chomeka sindano kwenye kitanzi hicho, endelea. Wale wanaofuma masweta kwa sindano mbili wana vitanzi vingi vilivyo hai kwa wakati mmoja, kimoja kikiponyoka wanapiga kelele nyumba nzima. Mimi lile tanga la kuepulia sufuria nililifumua mara sita kabla mama yako hajaninyang'anya.

Safari hii anza na mshono mfupi. Choma sindano chini ya nyuzi mbili za juu za mshono, zile zilizolala kama herufi V. Nasa uzi, utoe. Una vitanzi viwili. Nasa tena, upitishe kwenye vyote viwili kwa mpigo. Kimebaki kimoja. Basi, ndio huo. Mstari ukiisha, mnyororo mmoja, geuza.

Na zile video unazotazama kwenye simu, angalia zinatoka wapi. Waingereza na Wamarekani wanatumia majina yaleyale kwa mishono tofauti: huu mfupi Mmarekani anauita wa moja, Mwingereza anauita wa mbili. Ukifuata maelezo ya mmoja kwa lugha ya mwingine unapata kitu ambacho hata chenyewe hakijijui.

Umesema lengo ni kofia za watoto, uuze. Kofia inaanza na duara. Mishono 6 katikati. Mzunguko wa pili, kila mshono utie miwili, inakuwa 12. Wa tatu 18, wa nne 24, unaongeza 6 kila mzunguko na duara linalala chini kama chapati. Duara likienea utosi, acha kuongeza, fuma tu, na kuta zitashuka zenyewe. Ukisahau kuongeza mapema linakuwa bakuli. Ukizidisha linakunjamana kama jani la kabichi. Hilo la kabichi usilitupe. Jirani yetu mwalimu alinionyesha kwamba mwaka 1997 mwanahisabati mmoja mzaliwa wa Latvia, Daina Taimina, wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, alifuma makabichi hayo kwa makusudi, wanafunzi wake washike kwa mikono umbo linaloishinda karatasi. Waulize walimu wako.

Bei usishushe. Masweta ya dukani yanafumwa na mashine, lakini kroshia yenyewe bado ni kazi ya mkono. Anayekuambia ya dukani ni rahisi, mwambie akanunue ya dukani.

Hapa mwaloni walinicheka. Mwezi ukiwa mpevu watu wa dagaa hawaendi ziwani, wanakaa kutengeneza nyavu, na mimi natoka na uzi wangu wa njano. Mzee umekuwa bibi? Niliwauliza wao wameshika nini mikononi. Mmoja alirudi jioni kuomba nimfundishe, mkewe anajifungua mwezi ujao. Jina silitaji.

Kifurushi nakipeleka stendi ya Nyegezi kesho alfajiri, kondakta atakupigia akifika Dodoma. Kuna sindano ya milimita 5 na mabonge matatu ya uzi kutoka Makoroboi. Nimechagua rangi nyepesi, nyeusi inaficha mishono na wewe bado unajifunza. Mama yako ameweka dagaa kilo mbili juu yake, nilimkataza hakusikia. Uzi ukifika unanuka, uanike kivulini siku mbili kabla hujamfumia mtoto wa watu kofia.

Baba yako