Milinganyo tofautishi isiishie kwenye fomula

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwafikie wanaotunga mitaala na mitihani ya hisabati vyuoni. Mwanafunzi wa milinganyo tofautishi, yaani ile inayoeleza jinsi kitu kinavyobadilika, hufundishwa kutenganisha vigeu na kukariri majibu ya aina chache za milinganyo, akafaulu mtihani huku akiamini kwamba kila mlinganyo una jibu linaloandikika. Sivyo. Milinganyo mingi inayoeleza maumbile haina jibu la namna hiyo, na ndiyo maana mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré, alipolikabili tatizo la miili mitatu inayovutana angani mwishoni mwa karne ya 19, alielekea kwenye maswali mengine: je, mwendo huu utatulia, utajirudia, au utatangatanga? Hata pendulamu, yaani uzito unaobembea, hufundishwa kwa kurahisishwa, na ni nadra mwanafunzi kuambiwa kwamba ikiachiwa kutoka nyuzi 90, muda wake wa kwenda na kurudi huzidi ule wa fomula kwa takriban asilimia 18.

Kinachonisikitisha zaidi ni kuona nadharia ya machafuko, inayochunguza jinsi tofauti ndogo ya mwanzo inavyokua hadi kubadili matokeo yote, ikitengewa wanafunzi wa shahada za juu, ilhali kikokotoo cha kawaida kinatosha kuianza. Mwanaikolojia Robert May alihimiza tangu mwaka 1976 kwamba wanafunzi waonyeshwe mapema mlinganyo mmoja mfupi. Chukua namba iliyo kati ya 0 na 1, izidishe kwa kile kinachobaki ukiitoa katika 1, kisha zidisha kwa kizidishio kisichobadilika. Jibu utakalopata lipitishe tena njia hiyo hiyo, tena na tena. Kizidishio kikiwa 2.8, majibu hutulia karibu na 0.643. Kikiwa 3.2, hupokezana kati ya 0.513 na 0.799 bila kukoma. Kikiwa 4, anza na 0.3, halafu rudia kwa kuanza na 0.301: hatua ya kwanza majibu yote mawili ni 0.84 ukikadiria kwa desimali mbili, lakini ifikapo hatua ya kumi moja ni 0.04 na jingine ni 0.62. Mwanafunzi aliyejikokotolea hayo kwa mkono wake hatahitaji kusimuliwa kwa nini utabiri wa hali ya hewa una ukomo.

Mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alikutana na jambo hilo hilo mwaka 1961, alipoingiza 0.506 katika kompyuta iliyoiga hali ya hewa badala ya 0.506127 na kupata hali ya hewa tofauti kabisa. Jina la machafuko huwapotosha wengi wakadhani hapa hakuna kanuni, kumbe kanuni ipo kamili na haina bahati nasibu ndani yake. Kinachokosekana ni uwezo wetu wa kupima mwanzo kwa usahihi usio na kikomo. Tofauti hiyo ni nzito, na anayemaliza shahada ya sayansi bila kuielewa amenyimwa haki yake.

Sipendekezi mbinu za kutatua ziachwe, kwani bila hizo mwanafunzi hawezi hata kuchunguza mwenendo ulio karibu na sehemu ya utulivu, yaani mahali ambapo mwendo ukiwapo haubadiliki. Ninachoomba ni kwamba katika kila mtihani wa somo hili, walau swali moja lisidai fomula, bali limtake mtahiniwa achore mwelekeo wa mwendo, ataje sehemu za utulivu, na aeleze ni ipi itakayouvuta mwendo na ipi itakayousukuma mbali.

Mwalimu wa hisabati