Barua ya wazi kwa mjomba wangu wa Njombe

Mjomba, kamwene.

Swali lako la siku ile halijaniacha. Tulikuwa tumekaa jikoni kwa sababu ya baridi, jagi la ulanzi likiwa katikati yetu, ukaniuliza kwa nini wakubwa waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1914 hawakutafuta mpatanishi kabla vita havijafika huku. Nilikujibu kwamba ni kiburi. Nimerudi Iringa nikaona nilijibu kivivu, na naandika hadharani kwa kuwa si sisi peke yetu ambao babu zetu walibebeshwa mizigo ya vita hivyo.

Mlango wa amani ulikuwepo kabla ya risasi ya kwanza. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 uliruhusu makoloni ya bonde la Kongo, ambalo mipaka yake kwenye karatasi ilinyoshwa hadi pwani yetu, yasiingizwe vitani iwapo wenyewe watagombana Ulaya. Uliruhusu, haukulazimisha, na hapo ndipo tulipoponzwa. Heinrich Schnee, gavana wa Wajerumani waliotutawala, aliushikilia kwa sababu alijua amezungukwa. Ujerumani ikaomba jambo hilo kupitia Marekani, Uingereza na Ufaransa zikakataa. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, ilikwisha kupiga mizinga Dar es Salaam, na maafikiano ya kutoshambuliana yaliyofuata pale bandarini hayakutambuliwa na London. Nisiwalaumu Waingereza peke yao: Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, naye hakuitaka amani ya koloni moja, kwani shabaha yake ilikuwa kuwavuta adui waje kumsaka huku badala ya kwenda Ulaya.

Desemba 1916 Ujerumani ilitangaza kuwa iko tayari kuzungumza, bila kutaja sharti hata moja, kama mtu anayeita wazee wa ukoo kusuluhisha shamba huku akificha mipaka anayoidai. Ilikataliwa mwezi uleule. Iringa wakati huo ilikuwa mikononi mwa jeshi la Jenerali Northey wa Waingereza tangu Agosti.

Lililonishtua zaidi ni pendekezo la Papa Benedikto wa 15 la Agosti 1917. Alitaka Ubelgiji iwe huru tena, na Ujerumani irudishiwe makoloni yake. Maana yake, mjomba, amani hiyo njema ingetukabidhi tena kwa walewale waliozima Majimaji kwa moto na njaa miaka kumi tu nyuma. Rais Wilson wa Marekani alijibu kwamba neno la watawala wa Ujerumani haliaminiki, Wajerumani wenyewe wakakwepa kuahidi lolote kuhusu Ubelgiji, basi likaishia hapo. Sijui nisikitike au nishukuru. Kila upande uliamini mwezi ujao utakuwa na nguvu zaidi ya kudai, na gharama ya kungoja mwezi huo ilikuwa mabegani mwa wapagazi, ambao kwa upande wa Waingereza pekee wanakisiwa kufa zaidi ya 90,000.

Vita vilisimamishwa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Lettow-Vorbeck, aliyepita Njombe na Mbozi wiki chache kabla, alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25. Ulisema babu yako alirudi nyumbani mahindi yakiwa yameshaota, bega la kulia limechubuka hadi nyama. Nikija Krismasi, naomba unionyeshe njia aliyorudi nayo.

Mpwa wako, Iringa