Barua kwa Binti Yangu Kabla ya Safari ya Kisumu

Umoja, Nairobi
Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu kila ninapokuuliza kwa mdomo habari za kazi na meneja wako unanijibu kwamba mambo ni shwari, kisha unainuka kwenda kuangalia chai. Kesho unapanda basi la Kisumu, uende ukafanye kazi miezi mitatu chini ya meneja yuleyule, nami sitalala kabla ya kukuambia jambo moja ambalo nitalirudia hata ukichoka kulisoma: ile barua ya kujiuzulu aliyokuandikia yeye mwenyewe, usiitie sahihi. Niliikuta mkobani nilipokuwa nikikukunjia sweta. Unisamehe kwa kuisoma, ingawa ningeisoma tena.

Jana ulipokuwa ukisukuma chapati, simu yako ilitetemeka mezani mara tano au sita. Ulijipangusa unga kwa leso, ukasoma, ukaandika "Samahani bosi", ukailaza kifudifudi, kisha ukaisukuma chapati ileile mpaka ikapasuka katikati. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi usiku, siku ambayo huendi kazini.

Najua utaniambia kwamba yeye ni mkali tu. Mimi nimefanya kazi chini ya wakali. Msimamizi wangu wa kwanza kiwandani alikuwa akinirudishia shati, ananionyesha kwa kidole mahali sindano ilipokwenda kombo, na nikishafumua na kushona upya, hasira zake zinaishia hapo. Aliyekuja baada yake alinirudishia shati bila kunionyesha chochote, akaniuliza mbele ya chumba kizima kama kwetu watu huvaa nguo. Alikuwa akiagiza kola hivi leo, na kesho anakana kwamba aliagiza. Kila mwezi alikuwa na mtu wake mmoja wa kumwonea, na sisi wengine tulishukuru kimoyomoyo kwamba zamu haijatufikia. Mpime huyo wako kwa mambo hayo. Je, anakuonyesha kosa liko mstari gani wa hesabu, au anakuambia tu kwamba huna akili? Je, anakuita ofisini kwake mzungumze, au anangoja awaandikie wafanyakazi wote kwenye kundi la WhatsApp ndipo akutaje? Ukijijibu kwa ukweli, hutaniambia tena habari za ukali.

Mwenzangu mmoja, aliyekaa mashine ya pili kutoka yangu, alikuwa na daftari dogo ambamo aliandika tarehe, saa, maneno yenyewe jinsi yalivyotamkwa, na nani alikuwepo. Alipofutwa alilipeleka ofisi ya leba, naye aliniomba twende pamoja nikaseme nilichosikia kwa masikio yangu. Mwaka huo wewe ulikuwa unaanza chekechea na karo ilikuwa haijalipwa. Sikwenda. Nilikutana naye mara moja baadaye sokoni Gikomba, akanisalimia vizuri, akaniuliza habari zako, na mpaka leo kinachoniuma ni salamu zile.

Wewe umesoma kunishinda. Ulipita mitihani ya uhasibu huku ukifanya kazi, na majirani wamechoka kunisikia nikilisema hilo. Ndiyo maana nashangaa kwamba msomi kama wewe anabeba karatasi ile mkobani kana kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimhusu. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri anayekusudia kukufuta kwa utovu wa nidhamu au kwa utendakazi duni akueleze kwanza sababu zake kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi uliyemchagua wewe, kisha asikilize unachojibu kabla ya kuamua. Akikufuta isivyo haki, una miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba. Ukitia sahihi barua inayosema kwamba umeondoka kwa hiari yako, utakuwa umemsaidia kuyakwepa yote hayo. Mwambie utaisoma nyumbani. Akikazana, mwambie akuandikie kwa baruapepe kwa nini anataka uondoke. Usimjibu kwa matusi, wala usilie mbele yake ukiweza kujizuia, lakini usinyamaze.

Kunyamaza najua ulijifunzia wapi. "Mwacheni, baba yenu amechoka" ni maneno ya nani katika nyumba hii? Mwaka 2015 Kenya ilipopata sheria ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, redio ilieleza kwamba hata matusi na kunyimwa pesa ni dhuluma, si kipigo peke yake. Nilikuwa nakaanga vitunguu. Nilipunguza sauti kwa sababu baba yenu alikuwa sebuleni, na wewe uliinua macho vitabuni ukanitazama. Na ulipolia kidato cha kwanza ukitaka kuhama shule, nilichokuambia unakikumbuka.

Ndugu yako anaripoti shule ya bweni wiki ijayo, Gredi ya 10, na amesikia kwamba wakubwa huwafulisha wageni sare zao na kuwanyang'anya sukari. Nimemwambia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa, iwe mwilini au akilini, na kwamba akionewa amwambie mwalimu siku hiyohiyo. Ndani ya kifuniko cha sanduku lake nimeandika 116, nambari ya watoto isiyolipishwa. Mimi hanisikilizi kama anavyokusikiliza wewe, kwa hiyo mpigie simu ukifika, na usimwambie avumilie.

Usitume pesa mwezi huu. Godoro lake nimeshalilipia, na mwenye nyumba amekubali kungoja hadi tarehe 15. Maji hayajatoka tangu Ijumaa, tunanunua kwa mitungi, lakini hilo limeshawahi kutushinda? Nakueleza haya ili usije ukajiambia kwamba unavumilia matusi kwa ajili yetu. Tutakula. Sweta ya kijivu nimeiweka juu kabisa kwa ajili ya baridi ya basi usiku, na chapati nne ziko kwenye kopo la bluu, ambalo naomba unirudishie.

Chini ya sweta kuna daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimeuanza mimi: tarehe ya jana, saa mbili na dakika kumi usiku, simu ilivyotetemeka na ulichojibu. Mahali pa aliyekuwepo nimeandika majina yangu yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, nikatia sahihi.

Mama yako