Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tangazo la Gazeti na Kazi Yetu Nakuru

Waheshimiwa wanachama,

Asanteni kwa kufika, hasa mliodamka mapema kutoka Naivasha, Gilgil na Molo. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Mafunzo ya sheria ya ardhi yalifanyika na mlihudhuria vizuri. Muda wangu nataka kuutumia kwa jambo lililotugawa mwaka mzima: je, wakala wa nyumba na ardhi bado ana sababu ya kulipia tangazo gazetini?

Mwaka ulipoanza, halmashauri iliwaomba muweke daftari kando ya simu na kumuuliza kila mteja mpya ametupata wapi. Nimeyapitia madaftari mliyoleta, na ninayosema hapa yametoka humo.

Kwa nyumba za kupanga, mjadala umekwisha. Anayetafuta chumba mtaa wa Free Area au nyumba mtaa wa Section 58 hafungui gazeti. Anaangalia Facebook, anauliza kwenye kundi la WhatsApp la kanisa au la kazini, au anapiga namba aliyoiona kwenye bango langoni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro huambiana wenyewe, na chumba hupata mtu kabla hujakipiga picha. Mwenye nyumba akisisitiza atangaziwe gazetini, mwambieni ukweli kwamba pesa zake zitapotea. Tukinyamaza tukapokea, tunamkosea.

Ardhi ni habari nyingine. Mliouza mashamba Rongai na Bahati, au ploti za biashara hapa mjini, mmeandika kwamba waliopiga simu baada ya kusoma gazeti walikuwa wachache, lakini walikuwa wanunuzi. Waliuliza hati iko kwa jina la nani, shamba limeshagawanywa kwenye ramani au bado, idhini ya bodi ya ardhi imepatikana au la. Wengine walikuja na wakili siku ya kwanza. Ni wastaafu, vyama vya akiba, familia zinazonunua kwa pamoja. Kuna pia mzee anayelipiga picha tangazo la Jumapili na kumtumia mwanawe aliye Marekani, kisha swali la kwanza linatufikia kutoka huko. Tangazo hilo limesafiri kwa simu, lakini mzee aliliamini kwa sababu lilichapishwa.

Tukumbuke pia kwamba yako matangazo ambayo si ya hiari. Kwa Kanuni za Madalali za 1997, ardhi au nyumba inayopelekwa mnadani, mwenyewe hupewa notisi ya siku zisizopungua 45, kisha mnada haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Kwa hiyo watu wenye pesa huzisoma kurasa hizo, na tangazo letu likikaa jirani nazo linapata macho yao. Tatizo ni kwamba baadhi yao hudhani kila shamba lililo hapo linauzwa kwa deni, wakaanza kutoa bei ya kutupa. Andikeni waziwazi: inauzwa na mwenyewe.

Na tuandike ukweli mwingine. Tangu Nakuru iwe jiji Desemba 2021, maneno “karibu na jiji” yamebandikwa hata kwenye ardhi ambayo mvua ikinyesha gari halifiki. Andikeni ni kilomita ngapi hadi lami. Mnunuzi akidanganywa na mmoja wetu, hatamwamini yeyote kati yetu.

Lililoniuma zaidi mwaka huu ni utapeli. Picha za nyumba za wanachama zilichukuliwa mtandaoni, zikawekwa tena kwa bei ya chini, na watu wakatozwa kwa M-Pesa ada ya kuonyeshwa nyumba ambayo aliyewatoza hakuwahi kuwa na ufunguo wake. Wapo waliokuja kulia ofisini kwetu. Gazeti halimzuii tapeli, kwa maana hata yeye anaweza kulipia. Ila ukurasa uliochapishwa una tarehe, na hauwezi kufutwa usiku pesa zikishaingia. Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, hairuhusu mtu kufanya kazi hii bila kusajiliwa. Basi kila tangazo letu, la gazeti au la simu, libebe jina la wakala aliyesajiliwa na mahali ofisi yake ilipo.

Sasa pendekezo. Kila mmoja wetu hununua kisanduku kidogo pembeni, na hakuna anayekiona. Naomba tununue nusu ukurasa pamoja, mara moja kwa mwezi, kwa ardhi na nyumba za kuuza pekee, tukipeana zamu ya nafasi za juu. Tuweke laini ya simu ambayo haitatangazwa popote pengine, ili tujue ni simu ngapi gazeti limeleta. Na baadhi ya matangazo yaende kwenye gazeti la Kiswahili, Taifa Leo. Wenye mashamba tunazungumza nao Kiswahili toka asubuhi hadi tunatia sahihi, halafu tunawatangazia mali yao kwa Kiingereza. Sioni kwa nini.

Najua wapo kati yenu wanaotaka pesa zote ziende mtandaoni. Nawaomba wazungumze kwanza, wakiwa na madaftari yao mkononi, kabla ya kura itakayopigwa baada ya chai. Likipita, tutalijaribu kwa miezi sita, kisha halmashauri itawaletea orodha ya simu na mauzo yaliyotokana nazo.

Mwenyekiti